Filamu ya Mwenye Kofia

Mama Kanda alipata jina lake enzi za kanda za video. Enzi zikapita, kanda zikawa diski, diski nazo sasa zinakaribia kwenda zao, lakini jina limebaki palepale. Hakulipenda wala hakulichukia. Wapo watu wa namna hiyo, ukiwaita lolote wanaitika, nasi tunakimbilia kusema ni wapole. Wengine wamechoka tu.

Duka lake la kukodisha filamu lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, kuta tatu zote rafu, ukuta wa nne dirisha lenye nondo na kaunta iliyolika ukingo kwa viwiko vya wateja. Alikaa kwenye kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja ulifungwa waya, na alikaa hapo miaka kumi na sita. Diski ikirudi, aliishika kwa ncha za vidole, akaielekeza kwenye mwanga, akatafuta mikwaruzo, akaifuta kwa kitambaa laini kuanzia katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha, kisha akaitia kwenye deki aone kama inasoma. Picha ikitokea, inatosha. Sauti aliizima siku zote. Sauti ya nini? Ilikuwa ya mumewe.

Mumewe aliitwa Chiriku, na jina lilimfaa. Chumba cha nyuma kilikuwa chake. Kutani alipigilia magodoro mawili ili kelele za nje zisiingie, akaweka runinga, mashine ya kurekodi na kipaza sauti kilichovalishwa soksi. Humo alizitia filamu za ng'ambo maneno yetu. Lugha za filamu hizo hakujua hata moja, na mtaa mzima ulilijua hilo na haukujali. Alitazama midomo ikicheza, akaangalia nani ana bunduki na nani analia, basi hadithi anaipanga papo hapo, anaitia chumvi, na jirani anamtia humo ndani. Mwenye nyumba mmoja mkorofi wa mtaa wa pili aliwahi kujikuta ni jambazi anayetupwa kutoka ghorofani. Alikodi filamu ile mara nne.

Jambo moja tu lilimshinda Chiriku, nalo ni kurudia. Kuna siku umeme ulikatika akiwa katikati ya filamu, kazi iliyokuwa kwenye mashine ikapotea, ikabidi aanze upya kesho yake. Askari wa jana akawa daktari wa meno, na mama mzazi akawa mama mkwe. Kwa bahati mbaya vipande vya mwanzo vya jana yake vilikuwa vimeshakodishwa, wateja wawili wakagombana dirishani kwa Mama Kanda, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake ni mwongo. Chiriku alipoulizwa alicheka. "Mimi nikumbuke niliyoyazua jana? Hayo si maneno yangu, yalipita tu mdomoni."

Nyumbani, chiriku huyo hakuwa na neno. Alikula kimya, alioga kimya, alisema "asante" na "nimeshiba" kama mgeni. Mama Kanda alidhani ndivyo ndoa inavyokuwa ikikomaa. Naye hakuwa na mengi ya kusema.

Maana kabla ya Chiriku alikuwepo Dereva, mumewe wa kwanza, na mambo ya Mama Kanda yaliishia kwake. Miaka kumi na tisa iliyopita Dereva aliondoka na lori la mzigo wakati wa mvua kubwa, yeye na utingo wake, yaani msaidizi wake wa garini, na utingo huyo ndiye Chiriku. Daraja likavunjika, lori likaingia mtoni. Siku ya tatu utingo alisimama mlangoni peke yake, viatu vimelowa, mkononi ana koti la Dereva. "Shemeji," alisema, "nilimshika koti likamvuka. Mto haukumrudisha." Maiti haikupatikana. Mama Kanda alikaa matanga na koti, binti yake wa miaka miwili akicheza na mikono ya koti hilo.

Alilia mwaka mzima. Mwaka ulipokwisha akakuta ndani mwake kuna mahali pamekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya, ila huu haukuamka. Utingo alikuwa akija. Alipigilia bati lililong'oka, alimpeleka mtoto kliniki, hakuomba hata kikombe cha chai. Mwaka wa pili alimposa, naye akakubali kama mtu anavyokubali kiti akiwa amesimama muda mrefu. Watu walisema, wakachoka kusema. Binti akakua akimwita Chiriku baba, akaolewa, akahamia kwake. Basi. Hayo ndiyo maisha ya Mama Kanda, na angeulizwa angesema hana malalamiko.

Sasa njoo kwenye ile filamu. Ilikuja ndani ya boksi la diski kuukuu, haina hata jalada la maana. Ni filamu ya chee, ukiitazama unaona kabisa waliotengeneza walikuwa hohehahe: vyumba viwili, barabara moja iliyolowa, watu watatu, na kofia. Rangi haina, nyeusi na nyeupe tupu. Hakuna ngumi, hakuna gari linalowaka moto. Mtu mwenye kofia na koti refu anakaa mezani na rafiki yake, wanaongea weee, baadaye mwenye kofia anaondoka, rafiki anakwenda kwa mwanamke. Chiriku aliitia maneno mchana mmoja, ikapelekwa rafu ya chini kabisa karibu na sakafu, ikalala huko miaka mitatu bila mtu kuigusa.

Aliyeigusa ni fundi baiskeli, tena kwa kukosa la kufanya. Alivunjika kifundo cha mguu, akalazimika kukaa ndani, akamaliza filamu zote za dukani hadi akafika sakafuni. Siku ya pili akairudisha akichechemea.

"Shikamoo, Mama Kanda."

"Marahaba. Mguu unaendeleaje?"

"Unaendelea. Lakini mama, hii filamu ingenivunja na wa pili. Watu wamekaa tu mezani wanaongea habari za lori, na lori lenyewe halionekani! Mara koti, mara mto. Mzee siku hiyo alikuwa na homa nini? Halafu mwishoni ananyamaza. Picha zinakwenda, midomo inacheza, yeye kimya. Dakika saba nzima, nimehesabu kwa saa ya ukutani."

"Lori gani?" Mama Kanda aliuliza.

"Si nakwambia halipo! Lililozama."

Fundi alichukua filamu ya vita akaenda zake. Mama Kanda aliifuta diski, katikati kwenda nje, akaitia kwenye deki. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaongeza sauti.

Mezani walikaa wale wawili, mvua ikipiga dirisha. Sauti ya Chiriku ilitoka pole, si ile ya kuchekesha watu. "Lori limezama," alisema kwa niaba ya mwenye kofia. "Watu watasema nimezama nalo. Waache waseme." Rafiki akauliza, "Na mkeo?" Mwenye kofia akajibu, "Mpelekee koti hili. Lina kifungo cha uzi wa kijani, atalijua. Mwambie ulinishika likanivuka." Rafiki akauliza tena, "Nimwambie kwa nini?" Pakawa na kikohozi kidogo. "Nimechoka. Lakini usimwambie nimechoka. Mwambie nimekufa."

Mtu wa kwenye picha hakuvua koti hata mara moja. Uzi wa kijani katika picha isiyo na rangi nao ulikuwa kichekesho. Uzi ule aliushona Mama Kanda mwenyewe, kwa kukosa mweusi, wiki moja kabla ya daraja.

Alikaa kwenye kiti. Mteja alikuja akaomba katuni za wanawe, akampa filamu ya wauaji, mteja akairudisha. Alijaribu kufikiri kwa utaratibu, kama anavyopanga rafu. Huenda Chiriku alikosa la kusema mchana ule, akachukua msiba wake akaujazia filamu, kama alivyomchukua yule mwenye nyumba. Hilo lingekuwa tusi, na tusi analijua. Au huenda amesema kweli, na kama ni kweli, basi Dereva alitoka mtoni kwa miguu yake, na yeye hakuwahi kuwa mjane hata siku moja.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga, kwa heshima zote, hawakumjua Chiriku. Yake ilikuwa na miaka kumi na tisa na bado inakwenda.

Kumuuliza ana kwa ana hakukuwa na faida. Mtu anayeweza kumsemea muuaji, mchungaji na mtoto mchanga ndani ya dakika moja atashindwa kumjibu mkewe? Ndipo lilipomjia wazo, na kwa kweli lilimjia lenyewe, kwa sababu alikuwa amewaamua wateja wale wawili dirishani. Chiriku hawezi kurudia alichozua. Basi arudie. Akibadilisha, amezua. Asipobadilisha, shauri lake.

Asubuhi yake aliisikiliza diski mara tatu mpaka akaishika yote kichwani pamoja na kikohozi. Baada ya chakula cha mchana akasema, "Mzee, ile filamu ya mwenye kofia imekwaruzika sauti. Picha haina tatizo. Itabidi uiseme upya."

Chiriku alikuwa ananawa mikono. "Ile? Nani mwendawazimu anaitaka?"

"Mteja."

"Mpe nyingine."

"Anataka hiyo."

Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa mumewe, na alishangaa jinsi ulivyotoka bila kukwaruza koo. Chiriku alijifuta mikono muda mrefu kuliko kawaida. Alipoingia chumba cha nyuma, mkewe aliingia nyuma yake akiwa na kiti chake cha plastiki.

"Leo nitakaa humu," alisema.

"Kuna joto humu, mama."

"Nitalivumilia."

Chiriku akamtazama. Kisha akavaa visikizi, akabonyeza mashine, taa nyekundu ikawaka. Mvua ikaanza kupiga dirisha kwenye runinga, na Chiriku akasema, "Lori limezama. Watu watasema nimezama nalo. Waache waseme."

Mama Kanda alimfuata neno kwa neno, midomo yake imefungwa. "Na mkeo?" Lilikuwepo. Koti lilikuwepo. Kifungo, uzi wa kijani, atalijua. Alingoja daktari wa meno atokee mahali, alingoja mama mkwe, alimwombea kabisa atokee. Hakutokea mtu. "Nimechoka," alisema Chiriku, akakohoa palepale alipokohoa miaka mitatu iliyopita. "Lakini usimwambie nimechoka. Mwambie nimekufa."

Basi ni kweli. Alilisubiri lile pigo, maana watu husema moyo hupasuka. Wake haukupasuka. Aligundua tu kwamba waya wa kiti unamchoma pajani, na kwamba ulikuwa ukimchoma muda wote.

Filamu ikaenda. Rafiki akafika kwa mwanamke, akasema aliyoyasema, mwanamke akaziba uso. Rafiki akahamia kwa mwanamke. Kisha zikaja zile dakika saba. Barabara iliyolowa, mwenye kofia anakuja peke yake, amekonda, anagonga mlango wa ghala. Rafiki anafungua, anatoka nje, anaurudisha mlango nyuma yake. Wanaongea. Chiriku alikuwa kimya, mikono magotini.

"Sema," alisema Mama Kanda.

"Hapa hakuna maneno."

"Midomo inacheza, Mzee. Naiona."

Chiriku alivua visikizi akavishika. Mashine hakuizima, nadhani aliisahau, ingawa wapo watakaosema vingine. Alianza kwa sauti ya kazi. "Mwenye kofia amerudi. Anasema, nimekosa. Anasema, nilidhani nakimbia uchovu kumbe nimeubeba. Nataka kwenda nyumbani hata kama atanifukuza. Anauliza, mke wangu yuko wapi?" Hapo sauti ya kazi ikamwishia, ikabaki ya mtu. "Na huyu wa mlangoni anamwambia, umechelewa. Mkeo alikufa kwa homa."

"Na mtoto?"

"Anauliza hivyohivyo. Na mtoto? Anaambiwa, na mtoto pia. Homa ileile."

Kwenye runinga mwenye kofia alivua kofia. Alisimama nayo, akaondoka, barabara ikabaki. Majina ya watu wasiojulikana yakaanza kupanda, wala hayakuwa mengi.

"Nimekosea mahali?" Chiriku aliuliza.

"Hujakosea hata neno."

Nje mtu aligonga kaunta, akagonga tena, akaenda zake. Mama Kanda aliuliza maswali yake bila kupandisha sauti, kama anayejaza fomu ya mtu mwingine.

"Alirudi lini?"

"Binti alikuwa ameanza darasa la kwanza. Alinikuta yadi ya malori."

"Tulikuwa tumeshaoana."

"Miaka miwili."

"Alikuwa na mwanamke huko alikokwenda?"

"Hapana. Angekuwa naye ningefurahi. Alikuwa peke yake. Alisema anaendesha gari la kokoto machimboni, kule juu."

Hilo lilimgusa kidogo. Mwanamke angekuwa sababu, mtu anaweza kumchukia mwanamke. Uchovu utauchukia vipi, hasa ukiwa nao mwenyewe?

"Alilia?"

"Alikaa chini palepale kwenye oili. Akataka aone kaburi."

"Kaburi gani?"

Chiriku aliangalia magodoro. "Nilimpeleka makaburini nikamwonyesha moja lisilo na jina. Nikasema mlizikwa pamoja. Akalisafisha majani kwa mikono. Nilimsaidia."

"Halafu ukaja nyumbani."

"Nikaja."

"Ukasema nini?"

"Sikusema kitu."

Mama Kanda akaikumbuka siku yenyewe, au alidhani ameikumbuka: mwanaume ameingia na udongo kwenye kucha, ameoga, amekula, amesema asante. Kumbe ndipo alipoanza kunyamaza. Na yeye alidhani ni ndoa inakomaa.

"Kwa nini?"

"Alipoondoka nilimbebea uongo wake," alisema Chiriku, "kwa sababu aliniomba na kwa sababu nilikuwa nimekuona. Siku moja nilileta funguo za lori ukanipa maji. Basi. Alipotaka kurudi..." Aliviweka visikizi chini. "Binti alikuwa anakimbia kunipokea, shemeji. Kila jioni. Anakimbia mpaka viatu vinamtoka."

Neno hilo la zamani lilimtoka, wala hakulisikia. Mama Kanda alilisikia. Aliitafuta hasira, akajipapasa kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, hakuikuta. Alichokikuta kilikuwa jambo dogo la kijinga: kwamba yuko mtu mahali fulani aliyemlilia yeye. Alimlilia akiwa hai, anafuta diski, anasuka nywele za mtoto, anaulizia bei ya mafuta ya taa. Na yeye alimlilia huyo mtu akiwa hai, anapakia kokoto. Machozi yote yale, ya pande zote mbili, yalikwenda bure. Hapo ndipo kitu kilipomuuma, chini ya kifua, mahali pale pa ganzi. Hakikuuma sana. Kilimshangaza kwamba bado kinauma.

Alinyanyuka, akabonyeza mashine, taa nyekundu ikazimika.

"Ulikuja mlangoni kwangu kunipa habari ya kifo," alisema. "Sasa utapeleka nyingine. Nenda machimboni. Ukimkosa, waulize wenye magari walikompeleka, uendelee. Ukimpata mwambie sijafa. Na mtoto hajafa, ameolewa, anafanya kazi."

"Nimwambie arudi?"

"Sijasema hivyo. Mwambie sijafa. Atajua mwenyewe la kufanya na hilo."

"Na binti?"

"Binti nitamwambia mimi. Wewe maneno yako yamekwisha kwake."

Chiriku alikubali kwa kichwa. Alifungasha shati moja na suruali kwenye mfuko wa plastiki wa rambo, akavaa viatu vya safari, akapita dukani katikati ya rafu zenye sauti yake. Jua lilikuwa bado kali. Mama Kanda alikuwa amesharudi kwenye kiti, ameshika diski dhidi ya mwanga wa dirisha, lakini hakuwa anatafuta mikwaruzo.

Mlangoni Chiriku aligeuka. "Ni miaka kumi na mitano, mama. Na kazi zile za machimboni unazijua. Kama nitafika nikute..."

"Nenda tu."

"Nikirudi nitakukuta?"

"Sijui," alisema Mama Kanda, na ilikuwa kweli, hakujua. Aliiweka diski chini. "Ila ukikuta amekufa, usije ukaniambia wewe. Sitakuamini."